Kesho Imefika

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Nimezaliwa upya! Nilirudi jana kutoka semina ya Embu. Siku tatu, chai na maandazi mezani, somo moja tu: kupanga kazi na kupanga maisha. Mkufunzi ametupa shajara hizi na kalamu za rangi nne. Nyekundu ni jambo la haraka. Buluu ni la maana. Kijani ni la baadaye. Nyeusi ni la kusahau. Alituambia tuandike kwa lugha ambayo watu wa nyumbani hawaichunguzi. Nimechagua Kiswahili. Kwa mama mkwe, Kiswahili ni lugha ya askari na ya wauza viazi.

Jambo lenyewe ni hili. Nafasi ya msimamizi wa ofisi katika shirika letu la visima, SHIVIMA, iko wazi. Jumatatu ijayo anakuja mkaguzi kutoka Nairobi kuchagua mtu. Nafasi inakuja na nyumba: vyumba viwili, tangi la maji, choo cha ndani. Mimi na Siham tumekaa miaka mitano katika boma la mama yake hapa Galbet, chumba kimoja, ukuta wa bati kati yetu na kikohozi cha mama mkwe. Yeye na mimi hatusemezani, kwa heshima. Kila neno linapita kwa Siham. Asubuhi Siham ameniambia amechoka kuwa posta. Anaitaka hiyo nyumba kuliko alivyowahi kutaka kitu. Ataipata!

Orodha ya leo:
1. Kufunga bawaba ya mlango wa choo cha mama mkwe (imevunjika tangu Ramadhani).
2. Kupeleka ofisini cheti changu cha kidato cha nne.
3. Kuwa msimamizi.

Baadaye. Kuipanga orodha kumenichukua hadi saa kumi. Nilitumia rula. Namba 1 na 2 zimehamia kesho kwa mshale wa kijani. Mshale umetoka vizuri sana.

Jumanne, 3 Septemba

Ofisini mapema, saa mbili na nusu. Mlinzi aliponiona langoni akamwambia dereva kwa Kisomali kwamba berri imefika. Berri ni kesho. Kesho imefika! Maneno mazito kwa mlinzi. Dereva akacheka kwa furaha. Kisha Sahara, anayetuuzia chai, akatenga kikombe kimoja akasema hicho ni cha berri. Anapanga chai ya kesho leo! Siku mbili tu tangu nirudi na mpango umeshaenea. Nilikinywa mimi kile kikombe kwa sababu kilikuwa na sukari kama niipendavyo. Hakukataa.

Mshindani wangu ni mmoja: Muslimo, mtunza faili. Tunamwita eeddo, shangazi, kwa umri wake. Hajawahi kwenda semina. Faili zetu zote, mia mbili na kitu, anaziweka ndani ya katoni za mafuta ya msaada. Tena hazipangi kwa majina ya kipande, yale ya kitambulisho. Anazipanga kwa majina ya utani! Ni kweli kwetu kila mtu analo na hakuna anayenuna. Gurey ni wa mkono wa kushoto. Dheere ni mrefu. Bidaar ana kipara. Lakini ofisi? Mkaguzi atasema nini akiona katoni ya mafuta imeandikwa Bidaar? (Mimi sina jina la utani. Nadhani wananiheshimu.)

Leo Muslimo amepanda gari kwenda Lafey kumwona mjukuu. Anarudi Jumamosi. Siku tatu nzima bila yeye! Na stoo kuna kabati la chuma lenye droo nane, jipya, halijaguswa. Mpango: faili zote kwa alfabeti, majina ya kipande, majalada mapya, vibandiko vya rangi. Jumatatu mkaguzi aingie, adondoshe kalamu.

Bawaba: kesho. Cheti: kesho.

Jumatano, 4 Septemba

Kazi kubwa. Nimeng'oa majalada yote ya zamani, yale yenye jina la utani na jina la kisima, maana yalikuwa na madoa ya chai. Nimeweka mapya yenye jina la kipande peke yake. Safi! Majalada ya zamani pamoja na katoni nimempa Sahara awashie moto.

Tatizo dogo la droo. Nilimsomea vibandiko Kaaha, mpiga chapa wetu, yeye akapiga. Sasa hakuna droo ya P wala ya V. Pampu imekuwa Bambu. Vibali vimekuwa Fibali. Droo ya B haifungi. Nilimuuliza Kaaha kwa upole kama alisoma shule. Akajibu kwamba amepiga nilichotamka. Nilitamka wazi kabisa, P ya Pakistani. Akasema yeye alisikia Bakistani, na mlinzi aliyekuwa dirishani alisikia vilevile. Fitina.

Tatizo jingine dogo. Faili mia moja na kumi na mbili ziko A. Abdi, Abdullahi, Adan, Ahmed, Ali. Nyingi zilizobaki ziko M, na wote ni Mohamed. Droo nyingine zina faili mbili mbili, na ya Q nimeweka kahawa yangu. Jioni nilisimama mbele ya kabati nikasikia fahari ya kweli kifuani.

Mama mkwe ameuliza, kupitia Siham, kama bawaba ni kitu kinachoagizwa kutoka ng'ambo. Nimemjibu, kupitia Siham, kwamba iko kwenye orodha.

Alhamisi, 5 Septemba

Amekuja adeer (ami) Gurey, mwenyekiti wa kisima kimoja cha upande wa Balambala, mbali na mto. Nilimsalimu vizuri, ni mtu wa umri wa baba yangu. Injini ya kisima imekufa tangu Jumapili. Ng'ombe themanini wanasimama kwenye birika kavu wakilamba saruji. Lori letu linakwenda Nairobi kuchukua spea Jumamosi saa sita mchana. Anachotaka ni kitu kimoja tu: namba ya injini yake iandikwe kwenye karatasi ya dereva. Namba iko kwenye faili yake.

Nilisimama kwa mbwembwe. Nikamuuliza jina kamili. Akasema Gurey. Nikamwambia la kipande. Alifikiri kidogo, akatoa kipande akaniachia nisome. Mohamed Abdi Hassan.

Tunao kumi na moja.

Nilitafuta tarehe ya kuzaliwa. Wote kumi na moja wamezaliwa tarehe moja Januari, kama alivyoamua yule aliyewaandikisha. Jina la kisima? Lilikuwa kwenye jalada la zamani. Nilikwenda kwa Sahara. Amebakiwa na majivu, na chai yake leo ilikuwa nzuri kuliko siku zote.

Nilimwambia adeer asiwe na shaka, nitapitia faili zote kumi na moja kwa utaratibu, arudi berri. Kisha akarudia neno hilo polepole, berri, kama mtu aliyekutana na mtu aliyemsikia tu kwa sifa. Nadhani ameshika umuhimu wa kupanga. Amelala msikitini.

Ijumaa, 6 Septemba

Nusu siku, kwa ajili ya swala. Nimetengeneza jedwali la kulinganisha Mohamed Abdi Hassan wote kumi na moja. Safu sita, rangi nne. Namba za injini ziko kumi na moja na zote zinafanana na namba za injini. Jedwali halisemi ipi ni ya Gurey lakini mengine yote linayasema.

Adeer Gurey alikaa kwenye ngazi tangu asubuhi. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alimwambia Kaaha kwamba ng'ombe mmoja, mwekundu, alizaliwa siku moja na binti yake wa mwisho. Kaaha akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyeua injini.

Bawaba: kesho. Cheti: kesho. Mishale imefika pembeni mwa ukurasa, nimelazimika kugeuza.

Jumamosi, 7 Septemba

Muslimo amerudi. Ameingia ofisini saa nne na vumbi la Lafey bado kwenye shali. Akaona kabati. Akaona mahali katoni zilipokuwa.

Nilimweleza mfumo. Alfabeti, rangi, droo. Nikamweleza na habari ya adeer, kwa kifupi. Akaomba zile faili kumi na moja, akaketi sakafuni, akafungua kila moja penye sahihi tu. Ya kwanza akaiweka chini. Ya pili chini. Kwenye ya sita akasimama, akanigeuzia karatasi. Wino wa sahihi ulikuwa umeburutwa, umeacha mkia wa buluu.

“Gurey ni huyu,” akasema. “Mkono yake imefuta jina yake.”

Mtu wa mkono wa kushoto! Mkono unapita juu ya wino kabla haujakauka. Namba ikaandikwa, saa sita kasorobo, lori likiwa limeshawashwa. Adeer Gurey alifunika uso kwa shali pale kwenye ngazi, mabega yakimtikisika. Nilitazama pembeni. Nakiri nilisikia uchungu, na aibu kidogo. Kama dakika mbili.

Lakini nauliza: huo ni mfumo? Je, kama mzee angekuwa wa mkono wa kulia? Nimeandika hoja hii kwa kalamu ya buluu nimwonyeshe mkaguzi.

Jumapili, 8 Septemba

Siku ya mwisho kabla ya mkaguzi. Siham amenikalisha chini. Ameniuliza kama cheti kimeshafika ofisini. Nikamkumbusha kwamba cheti kiko ndani ya sanduku la bati la mama yake, alipokiweka yeye Siham kukiepusha na mchwa, na ufunguo uko kiunoni mwa mama yake. Basi akaenda kuuomba. Jibu likarudi upesi: sanduku litafunguka siku mlango wa choo utakapofunga. Utoto! Mama mkwe analazimika kuushika mlango kwa mkono akiwa ndani na kukohoa mtu asikaribie, naelewa, lakini mambo mawili hayahusiani.

Nikaenda dukani kwa Guleid kununua bawaba. Maskini Guleid! Misumari pamoja na sukari, betri pamoja na maandazi, bawaba kwenye kopo moja na peremende. Singeweza kununua kitu mahali kama pale bila kusema neno. Nilimpangia rafu mbili kwa ukubwa na moja kwa rangi. Alikuwa akinifuata nyuma akirudisha vitu. Adhana ikaingia, akafunga duka, nikajikuta nje na rula mkononi.

Siham alirudi baadaye mwenyewe akainunua. Ameiweka juu ya shajara hii, na skrubu zake nne. Ni bawaba nzuri. Kesho kuna mkaguzi, kwa hiyo keshokutwa.

Jumatatu, 9 Septemba

Naandika kwa kalamu nyeusi.

Mkaguzi ni mama mmoja mnene wa Nairobi, miwani kwenye mnyororo. Meneja wetu, Bwana Hanad, alimzungusha. Alilisifu kabati. Alilisifu! Akasema anapenda rangi. Nilimtupia Muslimo jicho. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, shali limefunika miguu.

Kisha mkaguzi akaomba faili za waombaji wawili. Ya Muslimo niliitoa kwenye M kwa sekunde nne. Mfumo unafanya kazi! Halafu yangu. Abdiwali Maow Kerrow. Nikafungua A. Nikapekua mia moja na kumi na mbili. Hamna. M ya Maow, hamna. K ya Kerrow, hamna. Nikavuta B, ikagoma, nikavuta kwa nguvu, ikatoka yote ikaniangukia mguuni na Bambu zote. Mkaguzi akatazama saa. Bwana Hanad akatazama dari.

Muslimo akafunua shali. Chini ya kiti chake kulikuwa na katoni moja ndogo, ile ya wafanyakazi wasiokamilisha karatasi zao, ambayo sikuwahi kuiona. Akaingiza mkono bila kutazama, akatoa faili nyembamba. Juu yake, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: BERRI.

Mkaguzi akauliza hilo ni neno gani.

“Ni kesho, mama,” Muslimo akasema. “Jina ya kipande ni ya serikali. Mimi naandika ile jina mtu akiitwa, anaitika.”

Nikasema kwa sauti ya juu kwamba mimi sijawahi kuitikia jina hilo maishani mwangu. Nje ya dirisha mlinzi akaita, “Berri!” kwa nia ya kusaidia tu, na mimi nikageuka.

Ndani ya faili kulikuwa na karatasi moja. Tarehe tatu Septemba, 1991, siku yangu ya pili kazini. Mstari mmoja: mwenyewe anasema ataleta cheti kesho. Mkaguzi aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Akaandika kitu kirefu kwenye daftari lake. Bwana Hanad aliomba udhuru akatoka, na tulimsikia akikohoa huko nje, kikohozi chenye kicheko ndani yake.

Kesho imefika. Kikombe cha berri. Lo!

Jumanne, 10 Septemba

Msimamizi mpya ni Muslimo. Nimempa mkono. Mkono wake ni mkavu na una nguvu.

Lakini sikiliza! Yeye ana nyumba yake, hapa hapa Galbet, ukuta mmoja na mama mkwe, na wanakunywa chai pamoja kila alasiri. Nyumba ya shirika haihitaji. Amemwambia Bwana Hanad nyumba hiyo apewe msaidizi wake. Na kuwa msaidizi amenitaja mimi! Amesema mtu anayejua kupiga mstari ulionyooka hivi asitupwe, ataandika majalada mapya yote mia mbili na kitu, kwa majina atakayomtajia yeye. Sharti moja. Cheti kiwe mezani kwake leo kabla ya saa kumi, maana saa kumi mkaguzi anaondoka na karatasi zote, na nafasi isiyo na karatasi anapewa mtu wa Nairobi.

“Leo,” akaniambia. “Siyo wewe. Leo.”

Saa sita nilikuwa nyumbani. Siham alishaniletea bisibisi ya jirani. Bawaba ninayo. Skrubu nne. Mama mkwe amekaa kivulini, ufunguo ameutoa kiunoni, ameuweka waziwazi juu ya goti. Siham amesimama karibu naye, uso umemng'aa, ameshaanza kufunga vyombo kwenye beseni. Nilimtazama nikampenda sana. Nikaapa jambo hili sitalifanya ovyoovyo.

Kwa hiyo nikaanza na mpango. Mchoro wa mlango, kwa rula. Mahali pa kila skrubu kwa rangi yake. Hatua kumi na mbili. Nilipofika hatua ya tisa niliona nimesahau hatua ya kusafisha kutu, nikaanza ukurasa mpya. Kivuli kilihama, nikahamia ng'ambo ya pili. Huo mchoro ni kazi bora kabisa niliyowahi kuifanya kwa mkono wangu.

Nilikuwa napaka kijani hatua ya mwisho niliposikia gari la mkaguzi likipita barabarani kuelekea darajani, likipiga honi kwa mbuzi. Siham alisikia pia. Alikaa juu ya beseni la vyombo. Kisha akaanza kuvitoa, sahani moja moja.

Nimekaa nikilifikiria jina langu. Wenzangu wanaitwa kwa kipara, kwa masikio, kwa mguu. Mimi naitwa kwa wakati unaokuja. Mtu wa kesho! Bila shaka Muslimo hakukusudia sifa hiyo, lakini ndiyo iliyotokea. Wiki ijayo nitamwandikia mkufunzi wa Embu kumweleza. Nitamwonyesha Siham pia jinsi vyombo vinavyoweza kupangwa ndani ya beseni kwa ukubwa, ili siku ya kuhama isitukute tukihangaika.

Kishindo! Mlango wa choo umeanguka chini wote. Halafu sauti ya mama mkwe kutoka ndani, yeye ambaye kwa miaka mitano hajawahi kunitamkia neno moja kwa moja, ikaita hadi mtaa wa pili:

“Berri!”

Nimeitika. Nimemwambia, nikiwa nimegeuza uso kwa heshima, asiwe na wasiwasi hata kidogo. Jambo lake ndilo la kwanza kwenye orodha ya kesho, kwa kalamu nyekundu.